Dawa Zinazokaa Mfupani: Jinsi Bisfosfoneti Zinavyosambaa na Kudumu katika Kiunzi cha Mifupa

Mwanamke mwenye umri wa miaka 71 anafika kliniki ya meno ili ang'olewe gego lililooza. Daktari anapomwuliza kama anatumia dawa yoyote, anajibu kwa uhakika kwamba hatumii. Jibu hilo ni la kweli kwa maana ya kawaida ya neno kutumia, kwani kidonge chake cha mwisho cha kuimarisha mifupa alikimeza miaka miwili iliyopita, baada ya kukitumia kila wiki kwa miaka sita. Hata hivyo, dawa hiyo ingali mwilini mwake. Imo katika pingili za uti wa mgongo, katika nyonga, na katika taya ambalo daktari anajiandaa kulifanyia kazi.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini hali inayoelezwa ni ya kila siku katika huduma za afya. Dawa nyingi hupita mwilini kama mgeni: huingia, hufanya kazi, huvunjwavunjwa na ini au hutolewa na figo, na baada ya siku chache hazipo tena. Bisfosfoneti, kundi la dawa linalotumika zaidi duniani katika kutibu ugonjwa wa osteoporosisi, hazifuati desturi hiyo. Sehemu yake hugeuka kuwa mkazi wa mfupa kwa miaka mingi. Asiyeelewa jambo hili anaweza kukosea kwa njia mbili: kudhani kwamba kuacha kidonge ni kuacha dawa, au kuogopa dawa yenye manufaa makubwa kwa sababu tu inakaa mwilini muda mrefu.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma makala haya, msomaji anatarajiwa kuweza: kueleza kwa nini mfupa huvuta na kuhifadhi baadhi ya kemikali, kufuatilia safari ya bisfosfoneti kutoka mdomoni au mshipani hadi mfupani, kueleza kwa nini dawa hizi hazisambai kwa usawa katika mifupa yote, kutofautisha dawa iliyo juu ya uso wa mfupa na ile iliyozikwa ndani yake, na kuhusisha maarifa hayo na maamuzi ya tiba.

Mfupa ni tishu hai

Mifupa 206 ya mtu mzima haifanani na nguzo za zege zinazosimama zikingoja kuchakaa. Ni tishu hai inayobomolewa na kujengwa upya maisha yote. Kwa uzito, takriban theluthi mbili ya mfupa ni madini, na sehemu kubwa ya kiasi kinachobaki ni protini iitwayo kolajeni, pamoja na maji. Kolajeni huupa mfupa unyumbufu, na madini huupa ugumu. Madini hayo ni fuwele ndogo sana za kalsiamu na fosfati zinazofanana na madini ya asili yaitwayo haidroksiapatiti. Kwa kuwa kila fuwele ni ndogo mno, jumla ya nyuso zake zote ni kubwa ajabu, na nyuso hizo zina kalsiamu inayoweza kushika kemikali zinazopita katika damu.

Kazi ya kubomoa hufanywa na seli kubwa ziitwazo osteoklasti. Seli hizo hujibandika juu ya mfupa, humwaga asidi na vimeng'enya, na kuchimba kishimo kwa muda wa wiki mbili hadi tatu. Kisha seli za osteoblasti hufika na kukijaza kishimo hicho kwa mfupa mpya, kazi inayochukua miezi mitatu au minne. Seli za aina ya tatu, osteositi, huishi ndani ya mfupa wenyewe na huhisi mahali palipopata ufa mdogo au mzigo mkubwa. Wahenga waliosema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwa wakizungumzia mfupa, lakini kiunzi cha binadamu huishi kwa kanuni hiyo.

Kasi ya ukarabati huo si sawa kila mahali. Mfupa mgumu wa nje, unaounda takriban asilimia 80 ya uzito wa kiunzi, hubadilishwa kwa asilimia mbili au tatu hivi kwa mwaka. Mfupa wa sponji, unaopatikana kwa wingi katika pingili za uti wa mgongo, nyonga na ncha za mifupa mirefu, una uzito mdogo lakini nyuso nyingi zinazogusana na uboho na damu. Huo huweza kubadilishwa kwa takriban robo nzima kwa mwaka. Katika osteoporosisi, hasa baada ya mwanamke kukoma hedhi, ubomoaji huzidi ujenzi. Vijiti vyembamba vya mfupa wa sponji hukatika kimoja baada ya kingine, na mtu huvunjika pingili au nyonga kwa mwanguko ambao kijana angeinuka na kujikung'uta vumbi.

Asili ya bisfosfoneti

Historia ya dawa hizi ilianzia mbali na hospitali. Kemikali za aina hii zilitengenezwa tangu karne ya 19, na baadaye zilitumika viwandani kuzuia ukoga wa chokaa usigande ndani ya mabomba ya maji. Katika miaka ya 1960, Herbert Fleisch wa Uswisi na wenzake, akiwamo Graham Russell wa Uingereza, walikuwa wakichunguza kwa nini kalsiamu haigandi ovyo ndani ya mwili. Waligundua kwamba katika damu na mkojo mna kemikali iitwayo pairofosfati inayozuia ugandaji huo. Wazo la kuitumia kama dawa lilikwama, kwa kuwa vimeng'enya vya mwili huivunja upesi.

Pairofosfati ina fosfati mbili zilizounganishwa na atomu ya oksijeni. Katika bisfosfoneti, atomu hiyo ya oksijeni imebadilishwa na kuwekwa atomu ya kaboni. Badiliko ni dogo, lakini matokeo yake ni makubwa: vimeng'enya vya mwili haviwezi kulikata fundo hilo. Dawa huingia ikiwa nzima na hutoka ikiwa nzima, hata kama kati ya kuingia na kutoka imepita miaka kumi. Fosfati zake mbili hushika kalsiamu ya mfupa kama koleo lenye meno mawili, na aina nyingi zina mkono wa ziada unaoongeza nguvu ya mshiko huo.

Kutoka mdomoni hadi mfupani

Sifa zinazoifanya dawa hii ishike mfupa ndizo zinazoifanya iwe vigumu kufyonzwa na utumbo. Molekuli yake hubeba chaji nyingi za umeme, haiyeyuki katika mafuta, na hushikamana na kalsiamu ya chakula kabla haijavuka ukuta wa utumbo. Kwa hiyo, kiasi kinachoingia katika damu baada ya kumeza kidonge huwa chini ya asilimia moja. Kwa alendroneti, kiasi hicho ni takriban asilimia 0.6, na hata hapo ni pale tu mgonjwa anapokuwa hajala kitu tangu usiku. Kahawa au maji ya machungwa hupunguza kiasi hicho kwa zaidi ya nusu. Maziwa, vidonge vya kalsiamu na chakula cha kawaida huweza kukifanya kiwe karibu na sifuri.

Hesabu rahisi inaonyesha uzito wa jambo hili. Mgonjwa anayemeza kidonge cha alendroneti cha miligramu 70 kila wiki humeza miligramu 3,640 kwa mwaka. Kinachofyonzwa ni miligramu 22 hivi. Takriban nusu ya hizo hutolewa na figo, na nusu nyingine, yaani miligramu 11 hivi, huingia mfupani. Kwa hiyo, miaka mitano ya tiba huweka katika kiunzi kizima miligramu zisizofikia 60, ambazo ni pungufu ya chumvi ya mezani inayobanwa kwa ncha za vidole. Mgonjwa anayekunywa dawa pamoja na chai ya maziwa hapunguzi nguvu ya dawa kidogo tu. Anaweza kuwa ametumia mwaka mzima bila mfupa kupata chochote cha maana. Ndiyo sababu maelekezo husisitiza kumeza kidonge asubuhi kabla ya kula, kwa bilauri nzima ya maji matupu, kisha kubaki umekaa wima au umesimama bila kula kwa angalau nusu saa. Kubaki wima pia huzuia kidonge kukwama na kuchoma umio.

Dawa inayotolewa kwa njia ya mshipa hukwepa kikwazo cha utumbo. Zoledroneti ya miligramu tano hutolewa kwa dripu kwa muda usiopungua dakika 15, mara moja kwa mwaka, kwa wagonjwa wa osteoporosisi. Katika saa 24 za kwanza, takriban asilimia 40 hutoka katika mkojo, na sehemu kubwa ya kinachobaki hushikwa na mfupa. Kiwango cha dawa katika damu huporomoka ndani ya saa chache. Mtu atakayepima damu siku chache baadaye anaweza kudhani dawa imekwisha, ilhali imehama tu kutoka kwenye barabara na kuingia nyumbani.

Njia za kuiondoa dawa katika damu ni mbili tu: mfupa na figo. Figo zikidhoofika, sehemu inayoelekea mfupani huongezeka, na figo zenyewe huweza kuumizwa na dozi kubwa inayopita kwa kasi. Kwa sababu hiyo zoledroneti ya osteoporosisi haitolewi kwa mgonjwa ambaye uwezo wa figo zake kusafisha kreatinini uko chini ya mililita 35 kwa dakika.

Usambaaji usio wa usawa

Ingekuwa rahisi kudhani kwamba dawa hujipaka katika mifupa yote kama chokaa ukutani. Sivyo. Mambo matatu huamua mahali itakapokaa kwa wingi: wingi wa damu inayofika mahali hapo, ukubwa wa nyuso za mfupa zilizo wazi, na kasi ya ukarabati. Mfupa wa sponji hupata zaidi ya mfupa mgumu kwa kila gramu. Sehemu zinazobomolewa au kujengwa kwa wakati huo hupata zaidi ya sehemu zilizotulia, kwa kuwa hapo madini yamefunuliwa.

Uthibitisho wa jambo hili huonekana kila siku katika idara za tiba ya nyuklia. Katika kipimo cha skani ya mifupa, mgonjwa huchomwa sindano ya bisfosfoneti iliyofungamanishwa na teknetiamu-99m, kemikali nururifu ambayo nusu-maisha yake ni saa sita. Baada ya saa mbili hadi nne, kamera ya gama hupiga picha ya mwili mzima. Mahali ambapo saratani imesambaa mfupani, au ambapo mfupa uliovunjika unaungana, hung'aa kuliko mifupa mingine. Kwa watoto, ncha za mifupa mirefu inayokua hung'aa vilevile. Picha hiyo ni ramani ya usambaaji wa dawa: panapong'aa ndipo dawa ya tiba nayo ingekwenda.

Ushahidi mwingine hutoka kwa watoto waliozaliwa na mifupa inayovunjika kwa urahisi kutokana na kasoro ya kolajeni. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, wengi wao wametibiwa kwa pamidroneti inayotolewa mshipani kwa vipindi. Picha za eksirei za magoti yao huonyesha mistari myeupe iliyopangika sambamba, na madaktari huifananisha na milia ya punda. Kila mstari ni alama ya dozi moja, iliyoachwa mahali mfupa ulipokuwa ukikua siku ya dripu. Mtoto anapoendelea kurefuka, mistari husogea mbali na goti, na nafasi kati ya mstari na mstari huonyesha kiasi alichokua kati ya dozi mbili. Ni nadra kwa dawa kuacha kumbukumbu inayosomeka waziwazi namna hiyo.

Aina za bisfosfoneti nazo hutofautiana kwa nguvu ya mshiko. Zoledroneti na alendroneti hushika madini kwa nguvu. Risedroneti hushika kwa nguvu ndogo zaidi. Klodroneti hushika kwa ulegevu kuliko hizo. Dawa yenye mshiko mkali hunaswa na uso wa kwanza inaokutana nao, hivyo hubaki karibu na mishipa ya damu. Dawa yenye mshiko mlegevu huweza kuachia na kusonga mbele, ikapenya kwa kina zaidi katika vijia vinavyofika kwenye osteositi. Mshiko mkali pia humaanisha muda mrefu zaidi wa kukaa.

Namna dawa inavyofanya kazi

Dawa iliyotulia juu ya mfupa haimdhuru yeyote mpaka osteoklasti ifike. Seli hiyo inapomwaga asidi ili kuyeyusha madini, asidi hiyo hulegeza mshiko wa dawa, na dawa huachiliwa ndani ya kishimo kidogo kilichozibwa na seli yenyewe. Osteoklasti huimeza pamoja na vifusi vya mfupa. Seli nyingine za mwili hazipati dozi kubwa namna hiyo, kwa kuwa hakuna nyingine inayokula mfupa. Ubomoaji wenyewe ndio unaofungua mtego.

Ndani ya osteoklasti, bisfosfoneti zenye naitrojeni, kama alendroneti, risedroneti na zoledroneti, huzuia kimeng'enya kimoja katika mnyororo wa kemikali unaotumiwa pia na mwili kutengeneza kolesteroli. Kimeng'enya hicho kikizuiwa, seli hushindwa kuviunganisha baadhi ya viambajengo vyake na utando wake, hupoteza makunyanzi yanayotumika kumwagia asidi, na hatimaye huacha kuchimba au hufa. Bisfosfoneti za kale zisizo na naitrojeni hufanya kazi kwa njia tofauti: huchanganywa katika molekuli bandia ya nishati ambayo huwa sumu kwa seli.

Kuzikwa na kufukuliwa

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Dawa isiyoliwa na osteoklasti haibaki juu ya uso daima. Osteoblasti hufika, hutandaza mfupa mpya juu yake, na dawa huzikwa. Ikiwa imezikwa, haifanyi kazi yoyote: haimzuii yeyote kubomoa na haimsaidii yeyote kujenga. Hungoja mpaka siku ukarabati utakapofika tena mahali hapo. Katika mfupa wa sponji siku hiyo inaweza kuwa baada ya miaka michache. Katika mfupa mgumu wa paja inaweza kuwa baada ya miongo.

Kwa hiyo, swali la dawa hii hukaa mwilini muda gani lina majibu zaidi ya moja. Katika damu hukaa saa chache. Juu ya nyuso za mfupa hukaa wiki au miezi. Ndani ya mfupa nusu-maisha yake hufuata kasi ya ukarabati wa mfupa wenyewe, na kwa alendroneti hukadiriwa kuwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2007 watafiti wa Uholanzi waliripoti kwamba pamidroneti ilipatikana katika mkojo wa wagonjwa waliotibiwa utotoni, hadi miaka minane baada ya tiba kukoma.

Dawa iliyofukuliwa hurudi katika damu kwa kiasi kidogo. Sehemu yake hutoka kwa mkojo, na sehemu hushikwa tena na mfupa mahali pengine, ambapo inaweza kufanya kazi upya. Makadirio yaliyofanywa kwa alendroneti yanaonyesha kwamba baada ya miaka kumi ya kutumia miligramu kumi kila siku, kiasi kinachoachiliwa na mfupa kila siku ni takriban robo ya kile kinachofyonzwa kutoka tumboni. Kwa maneno mengine, mgonjwa wa namna hiyo anapoacha kidonge, mifupa yake huendelea kumpa robo ya dozi yake.

Maana yake katika tiba

Wazo la kumpumzisha mgonjwa na dawa lilizaliwa katika maarifa haya. Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2006 uliwahusisha wanawake 1,099 waliokuwa wametumia alendroneti kwa takriban miaka mitano. Baadhi waliendelea kwa miaka mitano mingine, na wengine walipewa vidonge visivyo na dawa. Walioacha walipoteza sehemu ndogo ya uzito wa mifupa yao, lakini hawakurudi walikoanzia. Mivunjiko isiyo ya uti wa mgongo haikutofautiana baina ya makundi hayo. Hata hivyo, mivunjiko ya pingili iliyojidhihirisha kwa dalili iliwapata asilimia 5.3 ya walioacha, ikilinganishwa na asilimia 2.4 ya walioendelea.

Matokeo hayo yana pande mbili, na zote mbili zinapaswa kukumbukwa. Mgonjwa ambaye hatari yake ni ya wastani anaweza kupumzika baada ya miaka mitano ya vidonge au miaka mitatu ya dripu, akichunguzwa kwa vipindi. Mgonjwa ambaye tayari amevunjika pingili au nyonga, au ambaye mifupa yake bado ni dhaifu sana, mara nyingi hushauriwa aendelee. Akiba ya mfupani ni akiba ya kweli, lakini hupungua, na haimlindi kila mtu kwa kiwango kimoja.

Kudumu kwa dawa kumewezesha pia kupunguza idadi ya dozi. Katika utafiti wa Nyuzilandi uliochapishwa mwaka 2018, wanawake 2,000 wenye umri wa miaka 65 au zaidi, ambao mifupa yao ilikuwa imepungua kiasi, waligawanywa kupewa ama zoledroneti ama dripu isiyo na dawa kila baada ya miezi 18. Katika miaka sita, dripu nne tu za zoledroneti zilipunguza mivunjiko kwa zaidi ya theluthi. Mahali ambapo mgonjwa husafiri siku nzima kufika hospitali, dawa inayofanya kazi kwa muda mrefu namna hiyo si jambo dogo.

Upande wa pili ni madhara yanayohusishwa na muda na wingi wa dozi. La kwanza ni kufa kwa sehemu ya mfupa wa taya, hali iliyoripotiwa kwa mara ya kwanza mwaka 2003. Taya hukarabatiwa kwa kasi, hubeba nguvu za kutafuna, na hutenganishwa na bakteria wa kinywani kwa ufizi mwembamba tu. Jino linapong'olewa, mfupa huhitaji kubomoa na kujenga upesi. Hali hii ni nadra kwa wagonjwa wa osteoporosisi, na hutokea zaidi kwa wagonjwa wa saratani. Sababu mojawapo ni dozi: zoledroneti ya miligramu nne kila mwezi ni miligramu 48 kwa mwaka, karibu mara kumi ya ile miligramu tano inayotolewa kwa osteoporosisi.

La pili ni mvunjiko usio wa kawaida wa mfupa wa paja, unaotokea chini ya nyonga bila ajali kubwa, na mara nyingi hutanguliwa na maumivu ya paja au kinena kwa wiki au miezi. Hatari yake huongezeka kadiri miaka ya matumizi inavyoongezeka, na hupungua haraka baada ya kuacha. Jambo hili linaonyesha kwamba ni dawa iliyo juu ya nyuso, siyo ile iliyozikwa, inayobeba sehemu kubwa ya athari. Hata hivyo, kwa mgonjwa aliyechaguliwa vyema, mivunjiko ya nyonga na pingili inayozuiwa ni mingi zaidi kuliko mivunjiko hiyo nadra inayosababishwa.

La tatu linawahusu wanawake walio katika umri wa kuzaa. Kwa kuwa dawa inaweza kuachiliwa kutoka mfupani miaka mingi baada ya tiba, uamuzi wa kuianza hauhusu mimba ya leo peke yake, bali hata ya miaka ijayo, na unahitaji mazungumzo ya wazi kabla ya dozi ya kwanza.

Si kila dawa ya mfupa hukaa mfupani

Denosumabu ni kingamwili inayochomwa chini ya ngozi kila baada ya miezi sita. Huzuia ishara inayoziamuru osteoklasti kukomaa, lakini haishiki madini. Mwili huiondoa kama protini nyingine, na dozi ikichelewa, osteoklasti hurudi kwa wingi na kwa pupa. Wagonjwa wengine waliocheleweshewa au kuacha dozi wamevunjika pingili kadhaa kwa mpigo. Kwa hiyo, mapumziko yanayofaa kwa alendroneti ni hatari kwa denosumabu, na mgonjwa anayeiacha huhitaji kupewa bisfosfoneti ili kulinda faida aliyoipata. Dawa mbili za ugonjwa mmoja hufuata kanuni zinazopingana, na tofauti iko katika swali moja: je, dawa inashika madini?

Mfupa hauchagui pia kati ya tiba na sumu. Risasi hujificha humo kwa miongo. Tetrasaikilini hushika meno yanayokua na kuyabadilisha rangi. Floraidi iliyo nyingi katika maji ya baadhi ya maeneo ya Bonde la Ufa, yakiwamo ya kuzunguka Mlima Meru na Mlima Kilimanjaro, huingia ndani ya fuwele zenyewe za mfupa na jino. Mtu aliyekunywa maji hayo utotoni hubeba sehemu ya floraidi hiyo hata baada ya kuhamia mbali. Kanuni ni ile ile: kinachoingia mfupani hutoka kwa mwendo wa mfupa.

Kurudi kliniki ya meno

Daktari wa mwanamke yule wa mwanzo hapaswi kukataa kumng'oa jino. Jino lililooza na usaha unaolizunguka ni hatari kubwa zaidi kwa taya kuliko dawa iliyobaki. Anachopaswa kufanya ni kubadili swali. Badala ya kuuliza mgonjwa anatumia dawa gani, aulize: je, umewahi kutumia vidonge au dripu ya mifupa, ya aina gani, kwa miaka mingapi, na uliacha lini? Kwa majibu hayo atapanga usafi wa kinywa kabla ya kung'oa, atafanya kazi kwa upole, na atamwita mgonjwa arudi mpaka ufizi ufunike mfupa. Naye anayeandika dawa hizi kwa mara ya kwanza ampeleke mgonjwa akaguliwe meno mapema, ahakikishe kwamba kalsiamu na vitamini D havijapungua, apime figo, na aandike tarehe ya kuanza katika kadi ambayo mgonjwa ataitunza. Dawa inayokaa mfupani miaka kumi inahitaji kumbukumbu inayodumu miaka kumi.

Muhtasari

Bisfosfoneti hushika kalsiamu ya mfupa na hazivunjwi na mwili. Zikimezwa, chini ya asilimia moja hufyonzwa, na takriban nusu ya hiyo huingia mfupani. Hukaa kwa wingi mahali penye damu nyingi, nyuso nyingi na ukarabati wa kasi. Zilizo juu ya uso hufanya kazi; zilizozikwa hungoja. Kutoka kwake hufuata mwendo wa ukarabati wa mfupa, hivyo faida na tahadhari zote mbili huendelea baada ya kidonge cha mwisho.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mgonjwa anayemeza alendroneti pamoja na maziwa anaweza kukosa kabisa manufaa yake?

2. Eleza kwa nini kiwango cha chini cha zoledroneti katika damu hakimaanishi kwamba dawa imekwisha mwilini.

3. Mistari sambamba katika eksirei ya goti la mtoto aliyetibiwa kwa pamidroneti inaeleza nini kuhusu usambaaji wa dawa na kuhusu ukuaji wa mtoto?

4. Linganisha matokeo ya kuacha alendroneti baada ya miaka mitano na kuacha denosumabu baada ya muda huo huo. Tofauti hiyo inatokana na nini?

5. Andaa maswali manne ambayo mhudumu wa afya ya kinywa anapaswa kumwuliza mgonjwa mwenye umri wa zaidi ya miaka 60 kabla ya kumng'oa jino, na ueleze sababu ya kila swali.